Nchi Sita za Baba

Mimi ni mtu wa kushuku. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na miwili, na karibu kila mwaka nasimamia mitihani, na kazi hiyo imeniharibu macho. Naona mkono unaoingia mfukoni kabla sijaona uso wa mwenye mkono. Muuza maziwa akiniapia kwamba hajaongeza maji, namkazia macho mpaka ajikune shingo. Mchungaji akisema anaiombea familia yetu kila asubuhi, nataka kujua ni saa ngapi. Kwa hiyo baba yangu hakuonewa peke yake. Nilimshuku kama ninavyoshuku kila mtu, ila yeye nilimshuku kwa muda mrefu zaidi, na nikamhukumu mbele ya mtoto.

Alichodai baba ni kwamba katika ujana wake alisafiri nchi sita. Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia. Alizihesabu kwa vidole, akianza na kidole gumba, na mpangilio haukubadilika hata siku moja. Alisema alikuwa afisa wa mifugo katika shamba moja kubwa upande wa Molo, lililokuwa la mlowezi kabla ya kununuliwa na kampuni, na kwamba kazi yake ilikuwa kufikisha ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, kwa wanunuzi wa nje. Sisi tulikaa Bahati na mama. Baba alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, na akiwa safarini tungeweza kukaa wiki tano bila kumwona. Akirudi alikuwa amekonda, macho mekundu, na alilala siku mbili mfululizo.

Akiamka, hapo sasa hakuna wa kumfikia. Hakuwahi kuwa mtu wa kukaa. Akiwa na miaka sabini na tano alipanda juu ya paa kupigilia mabati huku kaka yangu, ambaye ni kijana kuliko yeye, ameshika ngazi akimsihi ateremke. Alichimba mtaro wa maji kutoka chemchemi hadi kwetu na akawachimbia majirani wawili. Wajukuu wote aliwafundisha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika keria, na mguu wake wa kushoto ukichechemea kwa sababu, alituambia, aliwahi kuanguka na baiskeli. Hata baada ya kustaafu safari hazikumwisha. Aliamka akaenda Marigat kuchukua asali, Ol Kalou kutazama mbegu za viazi, Olenguruone kuona tu mvua imenyesha kiasi gani. Hakuaga. Ulikuta kofia haiko msumarini, ukajua.

Watu wakisikia baba ni msafiri, wazo la kwanza ni mke mwingine. Mama hakuhitaji kufundishwa hilo. Nikiwa darasa la sita alivaa koti lake la kanisani, akaacha sufuria ya githeri kwa jirani, akaenda Molo bila kumwambia mtu. Aliporudi kesho yake, mimi na kaka tulimzunguka kama makarani, tukitaka kujua tuna ndugu wangapi.

"Hakuna mwanamke," akasema. "Na msiniulize tena."

Kuanzia hapo baba akirudi safarini mama alimchemshia maji ya chumvi, akamtilia kwenye beseni chumbani na kufunga mlango. Nguo zake za safari alizifua mwenyewe, mbali na zetu, kule nyuma ya choo. Mimi niliamua kwamba mama amehongwa.

Basi nikaendelea na uchunguzi peke yangu. Nikiwa kidato cha pili nilipekua sanduku lake la chuma. Nilikuta vyeti vya ubatizo, kitabu cha nyimbo kilicholiwa na mende, tai ambayo sikuwahi kuona ameivaa. Pasipoti hakuna. Nilipomwuliza akasema ilibaki ofisini, akasema haraka mno. Picha hakuna, hata moja. Zawadi je? Jirani yetu aliyeendesha malori alimletea mkewe vitenge vya Kongo mpaka mama akaacha kupita kwao. Baba alirudi mikono mitupu, isipokuwa mara moja alipoleta mbegu za nyasi zilizofungwa kwenye karatasi, akasema ni za Zambia, akazipanda kando ya zizi. Ziliota vizuri. Lakini mbegu za nyasi hata Njoro zinauzwa.

Kilichoniudhi hasa ni hadithi zake. Msafiri wa kweli anakuambia habari za masoko, majengo, watu, mavazi ya wanawake. Baba hakuwa na hata jengo moja. "Kabale ni kona tupu," angesema, "lazima ushikilie." Ushikilie nini, hasemi. "Burundi ni mbaya kwa magoti." "Zambia imenyooka, unaweza kulala umesimama." Kuhusu maji ndio alijua mengi. Ya Mbeya ni baridi. Ya Masaka yana harufu ya chuma na wengine hukataa kuyanywa.

"Wengine nani?" nilimwuliza siku moja.

"Wengine tu."

Nawajua wanafunzi wa namna hiyo. Hakusoma, hajui, lakini hataki kuacha karatasi tupu, basi anaandika kitu kisichoweza kusahihishwa. Kufikia wakati naolewa nilikuwa nimeshafunga faili: baba yangu hakuwahi kuvuka mpaka wa Kenya. Alikaa Molo akichunga ng'ombe wa kampuni, na nchi sita alizipata kwenye redio. Sikumwambia. Mama alikuwa hai, na baada ya mama kufariki nilimwonea huruma.

Halafu binti yangu akaingia gredi ya tano na akapewa kazi ya kuhoji mzee wa familia kuhusu safari zake. Ningemwacha aandike apendavyo, ila alikuwa ameniambia kwamba rafiki yake wa Milimani ataleta habari za babu yake aliyesomea ng'ambo, na picha zake akiwa kwenye theluji. Niliwaza mtoto wangu akisimama mbele ya darasa na maji ya Masaka. Nikaona watamcheka.

Tulienda Bahati Jumamosi mchana. Baba alikaa barazani, mtoto akakaa miguuni pake na daftari, mimi nikakaa mezani nikisahihisha karatasi, masikio yote kwao.

"Guka, ulienda nchi ngapi?"

"Sita." Kidole gumba kikainuka.

"Na Kampala inakaa aje?"

Baba alisugua goti. "Kampala inapanda, halafu inashuka, halafu inapanda tena. Ina makelele."

Mtoto aliandika. Nikashindwa kujizuia.

"Na majengo, baba?"

"Majengo sikuangalia."

"Ulipita Kampala na hukuangalia majengo?"

"Nilikuwa kazini."

Niliweka kalamu chini. Nakumbuka nilihisi kitu kama furaha, ile ya kukuta kikaratasi kwenye soksi ya mtahiniwa, na sijivunii.

"Haya. Ukivuka Malaba, mji wa kwanza ni gani?"

"Wanasema ni Tororo."

"Wanasema nani? Wewe ulikuwa hapo. Tororo kuna mwamba mkubwa, mrefu kuliko kitu chochote karibu, unaonekana kutoka mbali kabisa. Huo mwamba ulikuwa upande gani wa barabara?"

Mtoto alimtazama na penseli imekaa tayari.

"Sikuuona," baba akasema.

"Baba, hakuna mtu anapita Tororo asione ule mwamba. Mimi nimepita na wanafunzi, hata waliokuwa wamelala waliamka. Sema tu ukweli, mtoto anaandika. Wewe hujawahi kutoka Kenya."

Hakunijibu mimi. Alimtazama mjukuu wake, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa mbele ya watu bila shati. Kisha akasimama, akavaa kofia.

"Mwambie mwalimu Guka alikuwa anachunga ng'ombe," akamwambia, akateremka shambani.

"Nifute, mami?"

"Futa," nikasema.

Akafuta. Tukaandika habari za shemeji yangu anayefanya kazi Doha, na mtoto akapata alama nzuri.

Baba aliishi karibu miaka miwili baada ya hapo na hakutaja nchi sita tena. Tukimtembelea aliongea juu ya mvua na bei ya mahindi. Aliendelea kurekebisha baiskeli za wajukuu, aliendelea kupotea na kurudi na asali. Lakini nilianza kuona kitu. Akimwambia binti yangu jambo lolote, hata kwamba kuku ametaga mayai mawili, mtoto alinigeukia mimi kwanza, kuona uso wangu unasemaje. Baba naye aliliona hilo. Alianza kuongea naye kwa ufupi.

Aliugua Jumatatu na Alhamisi akafariki, bila kutusumbua, kama alivyozoea kuondoka. Kamati ya mazishi ikaanza kukutana kwetu Bahati kila jioni, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nikapewa kuandika wasifu wa kuchapwa kwenye programu.

"Weka kwamba alisafiri nchi sita," kaka yangu akasema.

"Siwezi kusoma uongo kanisani."

"Ni wewe tu unasema ni uongo."

"Leta pasipoti."

Kaka akasema basi niweke kwamba alipenda kutembea. Nikaweka hivyo. Programu ilitakiwa kupelekwa mjini Jumatano asubuhi.

Jumanne mchana akaja mzee mmoja amevaa koti refu la kijivu, akasema ametoka Sachangwan. Sikumjua. Kwenye matanga kuna watu ambao hawakumjua marehemu ila wanajua chakula kinaiva saa ngapi, na kuna wengine wanaokuja na hadithi ndefu ambayo mwishoni ina shamba wanalodai ndani yake. Nikampa chai, nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

"Mzee, baba ulimjulia wapi?"

"Kwa lori. Mimi ndio nilikuwa dereva wake. Tulipeleka ng'ombe mpaka huko Zambia."

Nikaona huyu wamepanga na kaka yangu. Nikamwekea mtego.

"Mkivuka Malaba, mnaona nini Tororo?"

"Kuna lile jiwe kubwa. Liko hapo kama mtu amelitupa."

"Baba alisema hakuna jiwe."

Mzee alianza kucheka, kisha akaacha. Aliweka kikombe chini polepole.

"Angelionea wapi? Yeye alikuwa nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Na ng'ombe, mwalimu."

Akanieleza, na alieleza kama mtu anayedhani tayari najua. Mitamba, yaani ng'ombe majike wachanga, waliowauza walikuwa na mimba. Ng'ombe akisafirishwa siku nyingi anachoka, anataka kulala, na akilala kwenye lori lililojaa wenzake wanamkanyaga, anakufa yeye na ndama wake. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu ndani, kati yao, anayesimama siku nzima na kumwinua kila anayeanza kupiga magoti, kwa fimbo, kwa bega, kwa kelele. Mbao za ubavuni ziliinuka kupita kichwa cha mtu, na juu kulikuwa na turubai. Kutoka Molo hadi Zambia baba alisimama humo. Akigonga kabini mara moja, dereva alipunguza mwendo. Akigonga mara mbili, alisimama. Penye maji ndipo alipotoka, kubeba ndoo.

"Mimi nilikuwa naona nchi," akasema mzee. "Baba yako alikuwa anaona kwato."

Nikamwuliza kuhusu mguu, ingawa nilishaogopa jibu. Kona ya Kabale, akasema. Mtamba mzima alimwangukia baba, naye akamsukuma mpaka akainuka, ndipo baba akagonga.

"Lakini kwa nini alituficha? Hiyo si aibu. Ni kazi."

Mzee alitazama kuelekea dirishani, ambako wanawake wa kanisa walikuwa wakichambua mchele.

"Hakuwa na pasipoti. Alikuwa anapita na karatasi ya ng'ombe. Inaandikwa, mitamba kumi na sita, mtu mmoja. Sasa siku moja mpakani kukawa na karani mpya. Akapanda nyuma kuhesabu. Anagusa kila mmoja na kalamu, moja, mbili, tatu. Akafika kumi na sita. Akamgusa baba yako hapa kwa bega, akasema kumi na saba. Wale wengine wakacheka. Hata mimi nilicheka." Alifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. "Siku hiyo hakukula. Akaniambia, watoto wangu wasijue hii kitu. Mama yenu alijua, alikuja akatukuta tunapakia. Lakini nyinyi, hapana. Usiisome kanisani, mwalimu. Nimekwambia juu umeniuliza."

Sikuwa na swali lingine. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimepewa jibu kamili, na lilinichoma. Nilikwenda nyuma ya choo, pale mama alipokuwa akifulia zile nguo, nikalia kwa sauti mpaka kaka yangu akaja kuniuliza kama nimeumia. Nilikuwa nimefanya kama yule karani. Yeye alikuwa mgeni, na hakujua anamgusa nani. Mimi nilijua, na nilifanya mbele ya mjukuu.

Jioni hiyo, kabla programu haijapelekwa mjini, nikabadilisha sentensi moja. Ijumaa nikasimama kanisani nikasoma: alisafiri nchi sita kwa kazi yake, na aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Sikuongeza neno. Kaka alinitazama kwa mshangao. Yule mzee alikuwa benchi la nyuma, na alipomaliza kutupa udongo wake kaburini aliondoka kabla ya chakula, jambo lililoniaibisha zaidi, nikikumbuka nilivyompokea.

Jioni, hema likiwa linateremshwa, nilimkuta binti yangu kwenye tangi la maji akipanguza sahani. Ana miaka kumi na miwili sasa. Nilichukua kitambaa nikasimama kando yake. Nilijua baba hakutaka habari ile ifike kwa watoto. Lakini pia nilijua mimi ndiye niliyeharibu, na mtoto huyu alikuwa na miaka mingi mbele yake ya kumkumbuka babu yake kama mwongo.

"Guka alienda kweli," nikasema. "Zote sita."

"Umejuaje?"

"Yule mzee wa koti ndiye alikuwa dereva wake."

"Ako na picha?"

"Hana."

"Ako wapi?"

"Ameshaenda kwao."

Alipanguza sahani mbili kwanza. "Lakini wewe ulisema hakuona ile mwamba."

Nikamweleza yote. Mitamba, turubai, kugonga kabini, Kabale, hata karani na kalamu yake. Niliongea vizuri, nadhani, vizuri kuliko ninavyofundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Ana adabu, alifundishwa na babu yake.

"Mami," akasema, kwa upole kabisa, "unasema tu hivyo juu amekufa."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia namwamini Guka, kila neno. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi anayeniambia daftari amelisahau nyumbani, kisha akachukua sahani nyingine akaendelea kupanguza.